Mfereji Katikati ya Ukurasa

Tulimzika Atuganile mwezi wa sita, wakati baridi ya Mbeya inapokata masikio, na siku ya tatu, jamaa wa mbali walipokwisha kuondoka, binti yake Tumpe alinivuta pembeni. Alikuwa ameshika kishikwambi. Kazi yake siku hizi ni kuvigeuza vitabu vya zamani viweze kusomwa kwenye simu, na alikuwa ameanza na kijitabu cha methali za Kinyakyusa ambacho mama yake alikichapa alipokuwa na kiwanda chake mwenyewe. Kwenye karatasi kila ukurasa una safu mbili, methali kushoto, maana kulia. Kwenye kioo zilikuwa zimechanganyika kama mchele na mchanga: nusu ya methali, kisha nusu ya maana ya methali nyingine, kisha mkia wa ile ya kwanza. "Mama mkubwa," akasema, "nimejaribu kuuacha ukurasa kama picha, herufi zikawa ndogo kama chawa, na ukizikuza unaona robo ya ukurasa tu. Nimejaribu kutenganisha kwa nafasi, lakini mtu akiongeza ukubwa wa maandishi kila kitu kinahama. Hizi safu nizifanyeje?" Nikamwambia azivunje. Ukurasa mwembamba haubebi safu mbili. Achukue methali moja, chini yake aweke maana yake, aache nafasi, ndipo aende kwenye nyingine. Asiifuate sura ya karatasi, afuate jicho la msomaji linavyotembea. Akafanya kurasa tatu palepale, akazikuza herufi, akazipunguza, na hakuna kilichohama. Akacheka, cheko la mama yake kabisa. "Mama alisema wewe ndiye uliyemfundisha safu," akaniambia. "Alisema hakuna aliyezijua kukuzidi."

Nilijifanya natafuta leso. Ushauri ule niliompa haukuwa wangu. Mama yake ndiye aliyeutoa, Iringa, katikati ya miaka ya sabini, mimi nikiwa na miaka ishirini na yeye kumi na tisa, na mimi ndiye niliyehakikisha hausikiki. Waliomlilia pale hawakujua, na Tumpe hajui hadi leo. Mwaka ule nauandika hapa ili aujue kutoka kwangu, maana mama yake hakuwa mtu wa kusimulia ubaya wa mwenzake.

Tulifanya kazi katika kiwanda kidogo cha chapa ambacho kimekwisha kufungwa na sina haja ya kukitaja jina. Lilikuwa jengo la mawe lenye paa la bati, baridi asubuhi kama ghala la viazi, likinuka wino na mafuta ya taa tuliyosafishia herufi. Herufi zilikuwa za risasi, moja moja, na kila moja ilikaa katika chumba chake ndani ya kasha la mbao. Ulizichomoa kwa vidole, ukazipanga kinyumenyume kwenye kibao cha chuma, mstari baada ya mstari, mpaka ukurasa ukamilike. Kazi hiyo niliijua. Na ndani ya kazi hiyo kulikuwa na jambo moja nililolijua kuliko wanaume wote wa pale: safu mbili. Kuzipanga zilingane urefu, mistari ya kushoto na ya kulia ikae usawa kama mabega ya watu waliopanga foleni, na katikati yake pabaki ule uwazi mwembamba tuliouita mfereji, umenyooka juu hadi chini. Watu walikuja na matangazo ya harusi, ratiba za ibada, vijarida vya ushirika, na kila palipohitajika safu, fundi mkuu wetu, Mzee Mgaya, alikuwa akisema, "Mpelekeeni Felista." Sikuwa na uzuri wa sura wala sauti ya kuimbia kwaya. Nilikuwa na safu.

Atuganile aliletwa mwanzoni mwa mwaka, mvua zikinyesha, na Mzee Mgaya akanikabidhi nimfundishe. Kwa kuwa hakuwa na ndugu Iringa, akaambiwa alale chumbani kwangu, nyumbani kwa Mama Kalinga, mjane aliyetupangisha. Chumba kilikuwa na vitanda viwili, meza moja, na dirisha lililofunguka kwenye jiko la nje, kiasi kwamba moshi wa Mama Kalinga ulituamsha kabla ya jogoo. Wiki ya kwanza nilimpenda. Alileta ndizi za kupika kutoka kwao, akazipika na nyama ya mafuta mpaka mchuzi ukawa mzito, akaziita mbalaga, na mimi niliyekulia ugali na maharage nikaramba sahani. Mama Kalinga akaramba ya kwake. Kesho yake Mama Kalinga, aliyekuwa akinipakulia mimi kwanza kwa miaka miwili, akampakulia Atuganile kwanza. Ni jambo dogo. Nililiona, nikaliweka moyoni, na tangu siku hiyo nikaanza kukusanya mengine ya kuweka kando yake.

Yalikuwa mengi. Alijifunza makasha yote kwa siku nne. Mimi yalinichukua mwezi. Alisoma herufi kinyumenyume bila kuinamisha kichwa. Alisalimia kila mtu kwa lugha yake, akajifunza "kamwene" yetu na kuitamka vibaya makusudi ili wazee wacheke, na akipewa kitu alisema "ndaga fijo" kwa namna iliyomfanya mtoaji atamani kutoa tena. Nilimfundisha safu kwa sababu niliamriwa, lakini hila za mwisho sikumwonyesha. Akazigundua mwenyewe, na ubaya zaidi, akaja kunionyesha kwa furaha, akidhani nami nitafurahi. "Dada Felista, tazama! Ukikata kipande chembamba cha karatasi ukakiweka hapa, mstari unakaa." Nilikuwa nikivikata vipande hivyo kwa siri tangu mwaka juzi. Nikamwambia, "Vizuri," nikaenda kunawa mikono ambayo haikuwa na wino.

Ndipo ikaja kazi ya kitabu cha mifugo. Bwana mifugo mmoja wa Usangu alikuwa ameandika kijitabu kwa ajili ya wafugaji, wengi wao wakiwa watu waliohamia bondeni kutoka kaskazini na makundi yao, na waliokuwa wameanza kusoma katika madarasa ya watu wazima. Mzee Mgaya akataka kiwe na safu mbili, ili kipendeze kama gazeti na kisile karatasi nyingi. Kazi nikapewa mimi. Nilikipanga kwa wiki tano, na sijawahi kupanga kitu kizuri kama kile. Siku bwana mifugo alipokuja kuangalia, mimi nilikuwa nyuma ya ukuta wa mbao uliotenga ofisi, nikipanga makasha, na nikasikia akinisifu. Nikasubiri jibu la Mzee Mgaya kama mtu anayesubiri kupakuliwa.

"Felista ana mikono," Mzee akasema. "Lakini huyu binti wa Mbeya ana mikono na macho. Prufu nitamtuma yeye akuletee."

Prufu ni ile nakala ya majaribio ambayo mwenye kitabu huisoma na kuitia sahihi kabla ya kuchapa. Kitabu nilikipanga mimi, na anayetumwa kukipeleka ni yeye. Jioni ile Mama Kalinga alipika mboga ya maboga na karanga, chakula ninachokipenda kuliko vyote, na sahani yangu nikairudisha ikiwa nusu. Atuganile aliniuliza kama naumwa. Nilimwambia ndiyo.

Akaenda. Alipanda basi la Mbeya, akateremka njiani, akaingia Rujewa, huko Usangu, na badala ya kukaa siku moja akakaa nne. Aliporudi alikuwa anatetemeka, macho mekundu, amepigwa na malaria ya bondeni. Aliketi kitandani na koti lake, akatoa bahasha. "Dada, nimekaa na wafugaji darasani," akasema, meno yakigongana. "Wanasoma kwa kidole. Kidole kikifika kwenye mfereji hakisimami, kinavuka. Wanasoma safu zote mbili kama mstari mmoja. Bwana mifugo ametia sahihi, yeye ni msomi, hajaona. Nimeandika kila kitu kwenye karatasi. Mpe Mzee, mwambie asichape kabla hajaisoma." Mama Kalinga na jirani wakampeleka hospitali, na mimi nikabaki chumbani na bahasha.

Niliisoma karatasi ile nimesimama. Mwandiko wake ulikuwa umepinda kwa homa. Alikuwa amenakili mistari miwili ya ukurasa wa sita kama ilivyosomwa na mama mmoja darasani. Safu ya kushoto ilihusu ng'ombe aliyevimba tumbo, ya kulia ilihusu kupe. Kushoto: "Akivimba tumbo, mnyweshe mara moja." Kulia, usawa uleule: "dawa ya kuogeshea iliyochanganywa na." Kushoto tena: "mafuta ya kula, chupa moja." Yule mama alikuwa amesoma bila kukwama: akivimba tumbo, mnyweshe mara moja dawa ya kuogeshea iliyochanganywa na mafuta ya kula, chupa moja. Na chini Atuganile alikuwa ameandika: "Naomba tupange safu moja tu, kila ugonjwa na tiba yake chini yake, tuache nafasi. Karatasi zitaongezeka lakini hawatapotea."

Ningependa kusema kwamba sikuelewa. Nilielewa kwa kusoma mara moja. Lakini nilichokiona zaidi ya ng'ombe na sumu ni wiki zangu tano zikivunjwa na kurudishwa makashani, na Mzee Mgaya akiwaambia watu kwamba macho ya binti wa Mbeya yamekiokoa kiwanda. Nikaitoa karatasi ndani ya bahasha, nikaikunja, nikaiweka chini ya godoro. Asubuhi nikampelekea Mzee prufu yenye sahihi.

"Binti hana neno?" akauliza.

"Hana."

Neno moja tu. Mashine ikaanza kabla ya saa sita, na mimi nilisimama kando nikiangalia kurasa zangu zikitoka moja baada ya nyingine, mifereji yake imenyooka, na furaha niliyoitegemea haikuja.

Atuganile alitoka hospitali baada ya siku kumi, amekonda, na vitabu vilikuwa vimekwisha kupakiwa. Alikwenda moja kwa moja kwa Mzee. Nikaitwa. "Felista, kulikuwa na karatasi?" Nikasema nilichopewa ndicho nilichokileta. Mzee akamgeukia Atuganile, akamwambia homa huota ndoto nyingi. Atuganile akanitazama, si kwa hasira, bali kama anavyotazama mtu herufi iliyowekwa katika chumba kisicho chake. Kuanzia siku ile tulilala chumba kimoja bila kuzungumza. Mama Kalinga alidhani tumegombania mwanamume, na nilimsikia jikoni akimwambia jirani, "Wasichana hawa, siku huyo mwanamume akipatikana nitamfukuza kwa mwiko."

Mwezi wa tisa alikuja mama mmoja kutoka Usangu. Jina lake Kabula. Alikuwa mrefu, amevaa viatu vya matairi, na kitabu chetu alikuwa amekifunga ndani ya kitambaa safi kama watu wafungavyo Biblia. Alikataa kiti. Alisimama mbele ya Mzee Mgaya, na sisi wote tukaacha kazi.

"Ng'ombe yangu mbili imekufa," akasema. "Ya kulimia. Ilivimba tumbo, mimi nikasoma kitabu, nikafanya vile imeandika. Mume wangu anasema kitabu haiwezi kudanganya, ni mimi sijui kusoma. Sasa nimekuja mnisikilize. Mniambie kosa yangu iko wapi."

Akafungua ukurasa wa sita. Akaweka kidole. Kilikuwa kidole cha mkulima, kucha imepasuka, na kilitembea polepole juu ya mstari wangu wa kushoto, kikafika kwenye mfereji wangu ulionyooka, kikauvuka bila hata kutikisika. Alisoma vizuri. Hakukosea hata silabi moja. Alipomaliza akamtazama Mzee. "Mwalimu aliniambia nimefaulu," akasema. "Kumbe hapana. Nimeacha darasa."

Mzee Mgaya alikaa chini. Hasira yake haikunielekea mimi. Ilimwelekea Atuganile. "Wewe ulikwenda kule. Ulikaa nao siku nne. Uliona!"

"Niliona, Mzee. Nikaandika."

"Uliandika wapi? Iko wapi hiyo karatasi?"

Hapo ndipo palikuwa mahali pangu pa kusema. Nilikuwa hatua tatu kutoka kwao, na kibao cha chuma mkononi. Nikainama, nikachomoa herufi nyingine kwenye kasha. Mzee akamfukuza, na Jumamosi ile Atuganile alipakia sanduku lake juu ya basi la Mbeya. Mama Kalinga alimfungia viazi vya kuchemsha vya njiani na akalia, na mimi nilijificha chooni mpaka basi likaondoka.

Nikapata kila nilichokitaka. Meza ya dirishani chumbani kwetu ilikuwa yangu, sifa zote zilikuwa zangu, Mama Kalinga alinipakulia kwanza kwa kuwa sasa nilikuwa peke yangu. Nilikula mbele ya kitanda kitupu. Na bado, jambo la ajabu, wivu haukuondoka naye. Nilimwonea wivu hata kwa kufukuzwa kwake, kwa sababu yeye alikuwa ameondoka akiwa msafi, na mimi nilikuwa nimebaki na meza. Nikipanga mstari niliona kidole cha Kabula. Nilivumilia wiki tatu. Kisha asubuhi moja nikainua godoro, nikaichukua karatasi ambayo sikuwahi kuwa na ujasiri wa kuichoma, nikaiweka mbele ya Mzee Mgaya.

Aliisoma mara mbili. Nilikwisha kufunga nguo zangu. Nikamwambia nangoja anifukuze.

"Nikikufukuza utapumzika," akasema. "Hutapumzika. Utakivunja kitabu kile, herufi kwa herufi, mwenyewe. Utakipanga kama binti alivyoandika hapa. Kikichapwa utakipeleka wewe kwa yule mama, utamsikiliza akisoma. Na nitawatafutia maksai wawili, maana kosa ni la kiwanda changu. Ukitoka huko utakwenda Mbeya."

Kwa hiyo nilizivunja safu zangu. Ugonjwa mmoja, tiba yake chini yake, nafasi, ugonjwa mwingine. Ulikuwa ukurasa wa kawaida, wa kuchosha macho ya fundi, hauna cha kumwonyesha mtu. Kitabu kilipochapwa nilikwenda nacho Rujewa mwanzoni mwa mwezi wa kumi na mbili. Kabula alinikuta nje ya darasa la watu wazima ambalo hakuwa amelikanyaga tangu kiangazi. Tulikaa kwenye gogo. Nikamweleza kwamba kosa halikuwa lake, kwamba yeye alisoma sawasawa na mimi ndiye niliyekuwa nimejua na kunyamaza. Alichukua kitabu, akaweka kidole, akasoma ukurasa wa tumbo kuvimba hadi mwisho, kisha wa kupe, kisha wa midomo na kwato. Akafunga. "Kwa hiyo najua kusoma," akasema, akanyanyuka, akaingia darasani na kuniacha palepale. Hakuniaga, na sikuwa na haki ya kuagwa.

Mbeya nilielekezwa Mwanjelwa, kwenye chumba nyuma ya duka la madaftari. Atuganile alikuwa huko na mashine ndogo ya mkono, akichapa kadi za harusi na vyeti vya ubatizo. Katika muda ule mfupi mwenye duka alikuwa amekwisha kumfanya mkubwa wa kazi. Wasichana wawili walikuwa wakimwita dada na kumuuliza kila kitu. Chumba kilikuwa na mwanga mzuri, makasha mapya, na jiko la mkaa ambalo juu yake ndizi zilikuwa zinatokota. Nilisimama mlangoni nikikagua vyote hivyo kimojakimoja kabla sijamsalimia.

Aliwatuma wasichana dukani. Nikasema niliyokuja kusema, kwa kurukaruka, mikono ikiwa imeshika mkoba. Nilipomaliza alikuwa bado anakoroga sufuria.

"Nilijua siku ileile," akasema.

"Mbona hukusema?"

"Nilisema, Felista. Nani alinisikiliza?" Mwiko ukaacha kuzunguka. "Mzee ameniandikia nirudi. Sirudi. Na wewe sijakusamehe bado, usije ukaondoka hapa unafikiri nimekusamehe. Labda mwakani. Kaa ule."

Nikakaa. Akanipakulia, kisha akafuta mikono, akachukua nakala ya kitabu kipya niliyomletea. Alikipitia polepole, ukurasa kwa ukurasa, akiwa amesimama karibu na dirisha, na nikajikuta nangoja neno lake jinsi nilivyowahi kungoja la Mzee Mgaya nyuma ya ukuta wa mbao. Akasimama kwenye ukurasa wa kumi na moja. "Hapa herufi n imepinduka," akasema. "Umeweka u." Nilikuwa nimeusoma ukurasa ule mara saba. Nikauchukua, nikautazama. Alisema kweli.

Na wivu ukanipanda, palepale, mdomoni nina ndizi zake, katika safari ileile niliyokuja kuutubia. Mwaka mzima nilikuwa nimeubeba kama mtu anavyobeba maradhi ya aibu, na hakuna hata siku moja nilikuwa nimeutaja kwa jina lake.

"Atuganile," nikasema, "nakuonea wivu."

Alikuwa bado anatazama ukurasa wa kumi na mbili. "Najua, dada," akasema. "Kula, zinapoa."